Gari linalolala uani: jinsi ya kuizuia betri isife

Kaka yangu yuko Muscat kikazi, na gari lake, Toyota IST, linalala uani kwetu Tanga. Huja mara moja kwa mwaka, wiki tatu au nne, anaiendesha mpaka Lushoto na kurudi, kisha ananiachia ufunguo na wosia uleule: "Mdogo wangu, uwe unaiwasha." Nami nikawa naiwasha. Kila Jumamosi asubuhi, dakika tano, inaunguruma, kuku wanatawanyika, naizima. Kwa mtindo huo tuliua betri mbili katika miaka mitatu. Ya kwanza tulimlaumu muuzaji. Ilipokufa ya pili nilinunua mita ya kupimia umeme, na mita ndiyo iliyoniambia kwamba mwuaji nilikuwa mimi.

Haya ninayoyaeleza yanahusu betri ya kawaida ya volti 12, ile ya risasi na tindikali, iliyomo katika karibu kila gari tunalokutana nalo barabarani. Gari la haibridi, linalotumia mafuta na umeme, nalo lina betri ya namna hii, ila lina mambo yake, nitayafikia.

Nani anakula chaji usiku

Gari lililozimwa halijazimika lote. Saa inatembea, redio inakumbuka stesheni, kompyuta ya injini inashikilia kumbukumbu zake, rimoti inasubiriwa, king'ora cha wezi kiko macho. Kwa gari lisilo na hitilafu, vyote hivyo kwa pamoja hunyonya miliampia 20 hadi 50. Ukiona namba hiyo utasema si kitu. Piga hesabu: miliampia 50 kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2 kwa siku (ampia-saa moja ni ampia moja, yaani miliampia 1000, kwa saa nzima). Betri ya IST ni NS60, yenye ampia-saa kama 45. Kwa mwendo huo inafika nusu ndani ya siku 18 au 19, na betri iliyofika nusu, hasa ikiwa imezeeka, inaweza kushindwa kuzungusha stata, ile mota ya kuwashia injini.

Yetu ilikuwa mbaya zaidi. Nilipoipima ilikuwa ikinyonya miliampia 110, kwa sababu ya king'ora kilichofungwa na fundi mmoja wa mtaani miaka ya nyuma. Hiyo ni ampia-saa 18 na ushei kwa wiki. Sasa tazama dakika zangu tano za Jumamosi: hata tuseme alteneta, ile dinamo inayoichaji betri injini ikiwaka, inaisukumia ampia 20 tangu mwanzo hadi mwisho, dakika tano zinarudisha ampia-saa 1.7, na humo bado hujatoa ile iliyoliwa na stata. Nilikuwa namlisha punje mtu anayedai gunia.

Kibaya zaidi, betri ikikaa na njaa huumia. Sahani zake za risasi hujivika salfeti. Salfeti ikiwa changa, chaji huiondoa. Ikikaa wiki kadhaa hukomaa ikawa ganda gumu ambalo chaji hailiwezi tena, na uwezo wa betri unapungua jumla. Joto nalo linaharakisha mambo: betri hujipunguzia chaji yenyewe hata ikiwa mezani haijaunganishwa na kitu, na kasi hiyo karibu huongezeka mara mbili kila nyuzi 10 za joto zinapopanda. Sisi wa pwani hatuna baridi ya kutusaidia.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Mita ya kidijitali ya bei ya chini kabisa kwenye duka la vifaa vya umeme inatosha. Igeuze kwenye volti za DC, alama ya 20. Waya mwekundu kwenye kichwa chanya cha betri, mweusi kwenye hasi.

Ila kuna ujanja wa kupata namba ya kweli. Betri iliyotoka kuchajiwa au gari lililotoka kuendeshwa hudanganya, husoma juu kuliko hali yake. Liache lilale usiku mzima. Tena fungua boneti jioni ile ile, kwa sababu asubuhi ukifungua mlango taa ya ndani inawaka, kompyuta zinaamka, na volti inashuka kidogo kabla hujaisoma.

Ikisoma 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Chini ya 11.9 hesabu kwamba imekwisha. Ona zilivyo karibu: kati ya betri iliyojaa na iliyobaki nusu pana tofauti ya volti 0.4 tu, ndiyo maana kupiga honi na kusema "bado ina nguvu" si kipimo.

Kisha washa injini na upime tena. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13.3, tatizo lako ni alteneta au mkanda wake, na hakuna chaja itakayokuponya. Ikizidi 15, alteneta inaichemsha betri.

Neno moja kwa mafundi wetu. Wapo wanaopima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Ikiendelea wanasema alteneta nzima. Zamani, enzi za kabureta, gari lilistahimili. Kwa gari lenye kompyuta, betri ikitolewa ghafla volti inaruka juu, na unaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa kuliko alteneta yenyewe. Mwambie kwa heshima: "Fundi, mita hii hapa."

Hatua ya 2: Mtafute mnyonyaji

Hii ni kwa wale ambao betri yao inaisha ndani ya siku chache. Mwenye gari linalofika wiki tatu bila kugoma anaweza kuiruka.

Zima kila kitu, toa ufunguo, na kama ni ufunguo wa rimoti wa kisasa upeleke mbali kabisa, ndani ya nyumba, maana ukikaa karibu gari huendelea kuusikiliza. Fungua waya hasi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10, igeuze kwenye ampia, kisha iweke mita katikati: ncha moja kwenye waya wa gari ulioufungua, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Umeme wote unaoingia garini sasa unapita ndani ya mita. Mwanzoni utaona ampia moja hata zaidi. Usishtuke, kompyuta zinaamka. Subiri dakika 20 hadi 40 zitulie. Usiwashe gari wala kufungua swichi mita ikiwa pale, stata itaiunguza.

Namba ikitulia juu ya miliampia 50, chomoa fyuzi moja moja huku ukiitazama. Itakaposhuka ghafla umeshampata. Kwetu niliigusa fyuzi ya king'ora, 110 ikawa 30. Wengine ni kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na wakopeshaji, amplifaya ya spika, kamera ya kwenye kioo, au taa ya buti isiyozima. Kile cha wakopeshaji usikichomoe bila ruhusa yao. Wewe kijue tu, ukipange kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Isafishe, iangalie maji

Huku kwetu hewa ya chumvi ni adui wa kudumu. Vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani, na unga huo huzuia chaji kuingia kama unavyozuia kutoka. Chota magadi, yaleyale ya kuchemshia maharage, kijiko kimoja cha mezani kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Funga vizuri vifuniko vya betri kwanza, kisha mwagia kidogo kidogo penye unga. Yatachemka povu na kuvuma. Hiyo ni tindikali inamalizwa nguvu. Povu likikoma sugua kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji safi, kausha, kaza vibano, upake vaselini juu. Vaselini hupakwa baada ya kukaza, si kabla.

Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, chungulia. Maji yafike alama ya juu ubavuni, au yafunike sahani kwa kama sentimita moja. Yakipungua ongeza maji yaliyokenekwa (distilled), yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Ya kisima hapana, ya bomba hapana, na tindikali hapana kabisa. Kinachokauka ndani ya betri ni maji, tindikali inabaki. Ukiongeza tindikali juu ya tindikali unazila sahani. Soma chupa kabla ya kumimina, maana kuna vibanda ambako chupa zote mbili huitwa "maji ya betri". Vaa miwani, hata kama ni ya jua.

Hatua ya 4: Ijaze kabla ya kulilaza gari

Kosa tunalolifanya karibu sote: tunaliegesha gari likiwa na betri ya robo tatu kisha tunashangaa mwezi ukiisha. Ijaze kwanza. Kanuni ya chaji ya polepole ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ampia-saa 45, chaji kwa ampia 4 hadi 5. Ikiwa imeshuka sana itakula saa kumi au kumi na mbili. Ukiipeleka kwa mchaji wa mtaani mwambie huna haraka. Wengi hupandisha ampia ili wateja watoke, na betri inarudi ya moto, maji yamekauka.

Ichajie penye hewa. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo hakuna sigara, na chaja izimwe ukutani kabla ya kuchomoa vibano vyake.

Hatua ya 5: Chagua njia kwa kadiri gari linavyokaa

*Linatoka kila wiki au mbili.* Liendeshe. Si kuliwasha, kuliendesha, nusu saa hadi dakika 45 mfululizo, barabara ya kukimbia kidogo. Mimi huenda Muheza na kurudi, kama kilomita 70, na nikirudi na machungwa nyumbani hakuna anayeuliza mafuta yameenda wapi. Mwendo huo pia huichemsha oili, na maji yaliyojikusanya ndani ya injini na bomba la moshi hukauka. Ile ya kuunguruma dakika tano hufanya kinyume: huongeza maji na haiyakaushi. Kama siku hiyo ni ya foleni, AC imewashwa, taa zimewashwa na wipa zinapiga, usiihesabu.

*Linakaa mwezi hadi miezi mingi, na huna umeme karibu.* Fungua waya hasi. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, nayo haina gharama. Unahitaji spana namba 10. Anza na hasi daima. Sababu si ushirikina: bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo spana yako ikiwa kwenye chanya na ikagusa chuma chochote, cheche itakayoruka hutaisahau. Hasi ikishatoka, hatari hiyo imekwisha. Kurudisha ni kinyume, hasi ya mwisho. Ukishaufungua, uzungushie waya kitambaa au uuvishe kipande cha mpira, usije ukarudi wenyewe kwenye kichwa chake.

Kabla ya kufungua, fikiria mambo mawili. La kwanza ni redio. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani, zilizokuja na gari, zikikosa umeme mara moja hujifunga na kudai diski au kadi yake ya ramani, na kadi hiyo mara nyingi ilibaki Japani. Hakikisha unayo, au kubali kuendesha bila taarabu. La pili ni milango: baada ya kufungua betri rimoti haifanyi kazi, na magari mengine buti hufunguka kwa umeme tu. Usifungie spana ndani ya buti. Mimi nimewahi.

Betri iliyofunguliwa bado inajipunguza yenyewe. Ipime kila baada ya miezi miwili. Ikishuka chini ya 12.4, irudishe kwenye chaja usiku mmoja.

*Linakaa muda mrefu, na kuna soketi jirani.* Nunua chaja ya kutunza betri, ile ya kujiendesha, ya ampia moja au moja na nusu. Inachaji mpaka betri ijae, kisha inashuka yenyewe na kuishikilia kwenye volti 13 na kitu. Inaweza kukaa imeunganishwa miezi. Usiichanganye na chaja ya kizamani yenye mshale na transfoma nzito. Ile haijui kusimama, ukiisahau wiki nzima itaikausha betri. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi, ijaribu kabla: chomoa ukutani, rudisha, utazame kama inaanza tena yenyewe. Kuna zinazokaa kimya mpaka ubonyeze kitufe, na utaendelea kudhani betri inatunzwa.

*Linakaa nje juani.* Hapa ndipo nilipoishia mimi, na kwa gari la uani sioni njia iliyo bora zaidi. Paneli ya sola ya wati 10 inatoa kama nusu ampia jua likiwaka. Kwa saa tano za jua zuri unapata ampia-saa mbili na nusu kwa siku. Gari linalonyonya miliampia 30 linakula ampia-saa 0.7. Hata wingu likitanda nusu ya juma, hesabu bado iko upande wako.

Weka kidhibiti chaji, kifaa kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi, katikati ya paneli na betri, na fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya karibu na betri. Unganisha betri kwenye kidhibiti kwanza, paneli baadaye. Usitumie tundu la kiberiti cha sigara: kwa magari mengi ya Kijapani tundu hilo hukata umeme ufunguo ukitoka, kwa hiyo chaji haipiti. Waya wangu unapita pembeni ya boneti, paneli iko juu ya paa la banda la kuku. Nilianza kwa kuiweka chini ya kivuli cha mwembe ili wezi wasiione, ikawa haitoi kitu. Kivuli cha tawi moja tu juu ya paneli hupunguza sehemu kubwa ya umeme wake.

Likiwa limeshagoma

Ukilikuta limekufa kabisa, usikimbilie kulisukuma. IST na ndugu zake wengi ni otomatiki, na kwa otomatiki kusukuma hakufui dafu. Itazame betri kwanza: ikiwa imefura ubavuni, imepasuka au inavuja, usiibusti, itoe.

Ukiwa na gari la jirani na waya za kubustia, magari yote mawili yakiwa yamezimwa: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho isiende kwenye betri iliyokufa. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, kwa sababu cheche huruka kwenye muunganisho wa mwisho na hutaki iruke penye haidrojeni. Liwashe la jirani, subiri dakika tano, kisha jaribu la kwako. Likiwaka, zifungue kwa mpangilio wa kurudi nyuma.

Halafu usiseme limepona. Betri iliyokufa kabisa haijazwi na safari ya kwenda sokoni, na alteneta haikuundwa kuifufua betri. Ipe chaja usiku kucha, iache ipumzike siku nzima, upime. Ikishindwa kushika 12.4 baada ya kuchajiwa vizuri, salfeti imeshinda; nunua nyingine. Na dukani nenda na mita yako. Betri inayokaa rafuni nayo inakufa njaa kama ile ya gari. Mimi siondoki na inayosoma chini ya 12.4, hata muuzaji akiapa.

Ukiwa na haibridi

Aqua na Prius zina betri kubwa ya kuendeshea, lakini kompyuta zinaamshwa na betri ndogo ya volti 12. Ikifa hiyo, gari zima ni kopo, hata kama ile kubwa imejaa. Mara nyingi imefichwa nyuma, kwenye buti au chini ya kiti cha abiria, na kwa kuwa iko ndani ina bomba dogo la kutolea gesi. Ukibadilisha weka ya aina ileile na urudishe bomba. Betri hizi ni ndogo, hivyo wiki mbili tatu zinatosha kuimaliza. Kuichaji ni rahisi: weka kwenye P, washa mpaka iandike READY, iache saa moja. Injini itajiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo fanya hivyo nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake unaua. Na usiitumie haibridi kubusti gari la mwenzako. Utakosa adabu kwa jirani lakini utabaki na gari.

Siku ya kuliamsha

Pima volti kabla ya kugusa swichi. Kama ulifungua hasi, irudishe na uikaze isicheze kwa mkono. Jaza upepo, chungulia oili na maji ya rejeta, piga boneti uhakikishe hakuna paka aliyelala juu ya injini. Kilomita chache za mwanzo injini inaweza kupanda na kushuka ikiwa imesimama, kompyuta inajifunza upya. Vioo vya otomatiki huenda visishuke kwa mguso mmoja. Kwa magari mengi, kishushe mpaka chini, kipandishe mpaka juu, ushikilie kitufe sekunde kadhaa.

Mwaka huu kaka alipotua, mita ilisoma 12.7. Aliwasha mara moja tu, akanitazama. "Ulikuwa unaiwasha kila Jumamosi, siyo?" Nikamwonyesha banda la kuku. Redio bado inaandika Kijapani na kudai diski yake.